Kutoka Ghalani hadi Kwenye Jeni: Sumukuvu Ilivyofuatiliwa Ukambani

Kufikia Julai 20, 2004, watu 317 walikuwa wameugua mashariki mwa Kenya na 125 kati yao kufariki. Karibu nusu ya wagonjwa walitoka Makueni, wilaya yenye milima ya Mbooni. Karibu theluthi walitoka Kitui. Macho yaligeuka manjano, ini likafeli. Mahindi yalishukiwa mapema, ila kushuku si kuthibitisha.

Wachunguzi walilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua wa maeneo yayo hayo, wakapima mahindi ya nyumbani na damu. Sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi, ikishaingia mwilini hushikamana na albumini, protini inayodumu damuni kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ukipima sumu iliyoshikamana nayo unajua mtu alikula kiasi gani majuzi. Damu ya wagonjwa ilikuwa na sumu nyingi zaidi, na walielekea zaidi kuliko wasiougua kuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Sokoni nako, zaidi ya nusu ya sampuli 350 zilizidi kikomo cha wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni.

Kipimo cha albumini hakimfai aliyekula sumu kidogo kidogo kwa miaka, maana albumini ya zamani huwa imekwisha. Hapo hutazamwa jeni. Ini linapojaribu kuiondoa sumukuvu aina ya B1, huigeuza kuwa kemikali kali inayong'ang'ania herufi G ya DNA. Seli ikijinakili kabla ya kurekebisha kasoro hiyo, penye G huandikwa T. Hilo hutokea hasa kwenye kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 ya jeni TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisigawanyike. AGG huwa AGT, asidi amino arginini huwa serini, na ulinzi hulegea.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza saratani ya ini ya Qidong, China, na jingine ya kusini mwa Afrika, yalitangaza badiliko hilohilo. Katika uvimbe 16 wa Qidong, 8 ulikuwa na badiliko kwenye kodoni ya 249, 7 kati yake likiwa la G kuwa T. Penye sumukuvu kidogo, ni nadra kulikuta. Sumu, kama mnyama, ina nyayo zake.

Hata hivyo, sumu haitendi peke yake. Virusi vya homa ya ini B vikikutana nayo, hatari huongezeka maradufu kadhaa; ndiyo maana chanjo ya watoto dhidi ya virusi hivyo, iliyoanza Kenya mwaka 2001, ni kinga dhidi ya saratani pia.

Jeni huonyesha madhara yaliyokwisha kutokea, albumini huonyesha sumu iliyokwisha kuliwa. Kwa hiyo kinga ni kuizuia sumu isiingie chakulani: kupika hakuiondoi, kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza tu. Aflasafe KE01, bidhaa ya kibayolojia iliyoidhinishwa Kenya mwaka 2015, hutapanya shambani kuvu wasio na sumu ili wawabane wenye sumu. Lakini mahindi yakivunwa lazima yakauke hadi unyevu wa asilimia 13.5, kwa hiyo Mbooni shilingi ya kwanza ya kinga inunue kipima unyevu cha ghala la kijiji.