Mgeni, Mkaazi na Jembe la Siku ya Tatu

Methali ya mgeni na jembe hutajwa zaidi kwa mzaha. Mwenyeji akichoshwa na ugeni hucheka na kukumbusha kwamba siku mbili zimekwisha. Mgeni naye hucheka, kisha hufunga mizigo. Kwa matumizi hayo jembe limegeuka kuwa alama ya kufukuza. Lakini methali yenyewe haikusema mgeni afukuzwe, ilisema apewe jembe. Na mwenye kupewa jembe hupewa pamoja nalo kipande cha shamba, sehemu katika mavuno, na haki ya kulalamika mvua ikikosa. Kwa mtu aliyeondoka kwao kijana akarejea na mvi, suala zito si vipi atapokewa siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu hupokewa vizuri: biriani hupikwa, ubani hutiwa chetezoni, na majirani huja kumtazama alivyonenepa. Suala ni hiyo siku ya tatu, na ni nani atakayemkabidhi mpini.

Fasihi ya watu wa mwambao waliotawanyika duniani imeandika sana kuondoka, na imeandika sana hamu ya kurudi. Siku ya tatu imeiandika kwa uchache. Diwani ya Mohammed Ghassani, mshairi mzaliwa wa Pemba anayeishi Ujerumani, ilipata tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015, na anwani yake peke yake ni hoja kamili: N'na Kwetu. Kiswahili kina siri katika neno hilo. "Kwangu" ni nyumba, ni mlango wenye ufunguo. Nchi haiitwi kwangu, huitwa "kwetu". Kiambishi kinataka wengine. Anayesema ana kwao akiwa ugenini anawasemea watu ambao hawapo pale kumwitikia, na ni siku atakaporejea kukaa ndipo atakapojua kama wao nao bado wanamhesabu katika hiyo "tu" ya mwishoni mwa neno.

Jambo hilo ndilo linaloifanya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Admiring Silence, iliyotoka mwaka 1996, istahili kusomwa upya hapa visiwani. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, na hakuweza kurudi hadi mwaka 1984, alipowahi kumwona baba yake muda mfupi kabla ya mzee huyo kufariki. Riwaya si maisha ya mwandishi, na wanaoisoma kama wasifu wake huidhulumu. Hata hivyo aliyeiandika anajua harufu ya nyumba ambayo mtu hakuiingia kwa miaka mingi.

Mhusika mkuu, ambaye hapewi jina, anaishi Uingereza miaka 20. Amezaa binti na mwanamke wa Kiingereza, Emma, na kwa muda wote huo hakuwaandikia watu wa nyumbani neno lolote kuhusu wawili hao. Kwa upande wa pili, Emma na wazazi wake amewapa hadithi za kubuni juu ya ukoo wake, na baba yake Emma humlisha ngano za enzi ya ukoloni kwa namna mzee huyo anavyopenda kuzisikia. Hapa ndipo ustadi wa riwaya ulipo. Mtu huyu si mwongo wa tabia tu. Ni mgeni wa kudumu. Mgeni hula anachopakuliwa na husema linalomfurahisha mwenyeji, na huyu amekuwa mgeni Uingereza kwa muda mrefu hata anaporejea kwao anarejea na ada hiyo hiyo. Mama yake anamtafutia mchumba, naye anakaa kimya siku kadhaa, kama anayeogopa kukataa kitoweo.

Kilichobaki katika kumbukumbu za wasomaji wengi ni vyoo. Nyumba alizoziacha mhusika zikiwa na maji na taa amezikuta vyoo vimeziba, maji yanakuja kwa saa, umeme unakatika. Yeye hawezi kuacha kuvifikiria vyoo hivyo, na msimulizi anavirudia kwa kichekesho chenye uchungu. Wako waliochukia. Walisema huyu ni mtu aliyekaa Ulaya akarudi kuwahesabia ndugu zake uchafu. Hasira hiyo ina haki yake, lakini imelenga pasipo. Choo kilichoziba si aibu ya waliobaki. Ni aibu ya waliotawala, na riwaya inalieleza hilo bila kificho. Swali gumu ni jingine: nani mwenye ruhusa ya kulisema? Waliobaki wamejifunza kunyamaza, kwa kuwa walioropoka katika miaka ile ya baada ya 1964 walilipa. Aliyekuja kwa wiki chache na tikiti ya kurudia mfukoni anaweza kusema atakalo, kwa sababu hatakuwepo wakati wa kuulizwa. Kimya cha wenyeji na maneno ya mgeni havina bei moja. Anwani ya kitabu, inayotaja kukistaajabia kimya, inabeba dhihaka hiyo pande zote mbili.

Kisha linakuja jembe. Katibu mkuu wa wizara ya utamaduni anamwita na kumpa kazi: abaki nyumbani, ashiriki katika mradi wa kutafsiri kazi kubwa za fasihi kwa Kiswahili, kwa fedha za wafadhili wa Skandinavia. Wahakiki wengi huipita sehemu hiyo wakidhani ni kejeli kwa urasimu, na kejeli ipo. Lakini katika kitabu chote hakuna pahala pengine ambapo nchi inamwambia mtu huyu jambo lenye maana. Haimwambii "karibu", inamwambia "fanya". Naye hachukui. Anakiri mambo yake kwa jamaa, nyumba inafadhaika, anapanda ndege kurudi Uingereza, na huko anamkuta Emma yuko njiani kumwacha. Amekosa huku na kule, si kwa sababu ulimwengu umemfanyia hila, bali kwa sababu kote alikokaa hakukubali kulima.

Kasoro ya riwaya inatokana na nguvu yake. Kwa kuwa tunaona kila kitu kwa jicho la mgeni, mama na baba wa kambo wanabaki wenyeji tu: wanapika, wanasubiri, wanaudhika. Miaka 20 yao wenyewe, ambayo ndiyo miaka mizito zaidi katika kisa hiki, inasimuliwa juu juu. Msomaji wa Mji Mkongwe au Ng'ambo aliyepanga foleni ya unga katika miaka hiyo anafunga kitabu akijua kwamba habari yake imetajwa, haikuelezwa.

Yupo mshairi wa kisiwa kingine aliyeipokea siku ya tatu, na kumtaja si kwenda nje ya maudhui. Aimé Césaire aliondoka Martinique mwaka 1931 kwenda kusoma Paris. Shairi lake refu juu ya kurejea katika nchi ya kuzaliwa lilichapishwa jaridani mwezi Agosti 1939, na mwaka huo huo akarejea kweli, akawa mwalimu mjini Fort-de-France. Shairi la kurejea, kwa hiyo, lilitangulia makaazi. Lililofuata halikuwa na wizani hata kidogo: alichaguliwa meya wa mji huo mwaka 1945 na akakaa katika kiti hicho hadi 2001, miaka 56 ya kushughulika na mitaa ya mabanda, maji ya bomba, umeme na mitaro ya maji machafu. Ni vyoo vile vile vya riwaya ya Gurnah, ila huyu aliitwa kuvizibua. Wapo waliomlaumu kwa siasa zake, hasa kwa kukubali mwaka 1946 kisiwa kiwe mkoa wa Ufaransa badala ya kudai uhuru. Lawama hiyo nayo ni sehemu ya jembe: mkaazi hulaumiwa, mgeni husamehewa. La kushangaza kwa mpenzi wa ushairi ni kwamba shairi halikumwachia. Alilipanua na kulibadilisha katika matoleo ya 1947, na tena katika toleo la 1956. Aliyekwisha kurejea alikuwa bado anaandika kurejea kwake.

Huku kwetu suala la ukaazi lina sura nyingine, ya karatasi. Oktoba 2021 Gurnah alipotunukiwa Nobeli, mjadala ulizuka nchini siku ile ile: ni wetu au si wetu? Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na wakati huo aliyechukua uraia wa nchi nyingine aliingia alikozaliwa kwa ruhusa, kama mgeni yeyote. Zanzibar nayo, kwa sheria ya mwaka 2005, ilianzisha kitambulisho cha "Mzanzibari Mkaazi", ikiweka katika neno moja jambo ambalo washairi wamelihangaikia kwa beti nyingi. Kuna Mzanzibari, na kuna mkaazi, na si lazima wawe mtu mmoja. Wengi katika mjadala ule walidai kwamba ushindi umfanye mtu awe wetu, au kwamba pasipoti imfanye asiwe. Wachache walitaja kwamba mtu huyo alikuwa ameshaandika, miaka 25 nyuma, riwaya nzima juu ya swali hilo, na kwamba jibu lake halikuwa pasipoti.

Bora zaidi ya Admiring Silence, kwa dhamira hii, ni Gravel Heart ya mwaka 2017. Anwani yake imechukuliwa kwa Shakespeare, katika tamthilia ya Measure for Measure, na kisa chake kinafanana na cha humo: dada anatakiwa ajitoe kwa mwenye madaraka ili ndugu yake aliyefungwa aachiwe. Mume wa dada huyo, Masud, aliyekuwa karani wa idara ya maji, anahama nyumba na kwenda kuishi chumba cha uani nyuma ya duka, amevunjika bila kusema sababu. Baadaye anachukuliwa na baba yake kwenda Kuala Lumpur. Mwanawe Salim naye anakwenda London. Mama anapofariki, wote wawili wanarejea, na hapo riwaya inafanya lile ambalo ya kwanza ilishindwa: mgeni ananyamaza na mkaazi anasema. Masud amerudi kukaa. Usiku anamsimulia mwanawe yote, taratibu, bila kujitetea, na Salim, ambaye atarudi zake London, anabaki na kazi ya kusikiliza.

Mazungumzo hayo ya usiku ni miongoni mwa kurasa bora alizoziandika Gurnah. Hayana ndege, hayana uwanja wa ndege, hayana machozi ya kupokeana. Masud hakurudi kwa sababu nchi imetengenea wala kwa sababu amesamehe. Amerudi kwa sababu hapo ndipo lilipotokea jambo lake, na pengine popote lisingesimulika. Anakaa chumbani humo humo, kwenye duka lile lile, kama aliyerudishiwa mpini wa zamani akaukuta umeingia mkononi. Kwa msomaji wa mwambao, aliyezoea kuona aliyerudi akisawiriwa ama kama shujaa ama kama kichekesho, sura hii ya mzee anayekaa tu na kusema ni mpya na ni ya kweli.

Ile kazi aliyoikataa mhusika wa mwaka 1996 nayo haikulala. Mwaka 2022, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994, Paradise. Katika Kiingereza, neno "rehani", ambalo ndilo linaloshika maisha yote ya kijana Yusuf, lilikuwa limesimama mlangoni likisubiri kuelezwa. Katika Peponi limeingia ndani, limekaa kitako pamoja na mengine, na hakuna anayelihoji limetoka wapi.