Mshono wa Kibuyu

Wageni wanaofika kwenye maboma ya Wamaasai wa Ngorongoro huvutiwa kwanza na shanga. Sina ugomvi na shanga, ila ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kutazama, ningeomba kibuyu kilichopasuka kikashonwa.

Kibuyu chenyewe hutoka mbali. Ndani ya hifadhi kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo wafugaji hukinunua kwa wakulima, wakiwemo wa huku chini Karatu. Mnunuzi hukigongagonga akisikiliza kama kimekauka sawasawa. Akifika nyumbani hukata mdomo, hulowesha nyama ya ndani mpaka ioze, kisha huikwangua. Halafu moto. Kijinga cha mzeituni mwitu, ambao wenyewe huuita oloirien, huingizwa ndani kikiwaka, kikazungushwa na kusuguliwa ukutani mpaka masizi yashike. Makaa hukung'utwa na vumbi kufagiliwa kwa brashi ndefu. Maziwa yakimiminwa humo hugeuka mgando wenye harufu ya moshi, na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Kazi hiyo ya moto hurudiwa kila kibuyu kinapooshwa, maisha yake yote.

Siku moja kitaanguka. Hapo ndipo mshono huanza: matundu madogo hutobolewa kwa msharasi pande zote mbili za ufa, moja baada ya jingine. Mkono ukikaza kupita kiasi, ufa unakimbia mbele. Ukanda mwembamba wa ngozi mbichi hupitishwa ukiwa umelowa. Ukikauka hujikunja na kuvuta kingo zikutane. Asiye na subira asiguse.

Mtu atauliza kwa nini mwenye kibuyu asinunue kingine. Huenda hicho ndicho alichopewa na mama yake alipoolewa, na ndicho kilichotiwa majani mabichi mdomoni siku wazee walipombariki mwanawe. Waliohama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, tangu 2022 wanajua vizuri zaidi ni vyombo gani mtu hawezi kuviacha nyuma.

Dumu la plastiki ni jepesi na halivunjiki, wala simlaumu anayelitumia. Ila kijinga cha moto hakiingizwi ndani yake, na maziwa yake hayana ladha ile.

Mwenye kibuyu cha mama kilichopasuka, kilichosahaulika pembeni mwa nyumba, akipeleke kwa bibi anayejua kushona, wakati mabibi hao bado wapo.