Makala: filme iliyofika kwenye mulango wetu, kisha ikarudi

Leo siandiki juu ya mbolea wala mahindi. Nataka kuongea juu ya filme moja inayotuhusu, ingawa wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Inaitwa Makala. Aliitengeneza Mufaransa Emmanuel Gras, na mwaka 2017 ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Inadumu dakika 96, na watu wake wanaongea Swahili yetu hii hii. Mimi niliiangalia siku ya yenga moja mangaribi, ndani ya chumba changu, kwenye komputa ya rafiki. Tulikuwa watu saba, wengine kwenye kitanda, wengine juu ya bidoni. Umeme ulikuwa umekatika, na tulikuwa tunaogopa batri itaisha mbele ya filme.

Nieleze kwanza kwetu ni wapi, juu filme moja haionekani namna moja kila pahali. Tangu Lualaba ikuwe provensi mwaka 2015, na Kolwezi muji wake mukubwa, watu wameingia kutoka kila upande, na muji umepanuka. Mimi naikala pembeni kabisa ya Manika, pahali ambapo miaka kumi iliyopita ilikuwa majani. Kwetu si sawa Musonoi, Luilu ao Kapata, kambi zenye kampuni ilijengea wafanyakazi wake nyumba kwa mistari. Si sawa Kasulo vilevile, pahali watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao mwaka 2014. Kwetu ni kartiye ya vijana. Muzee mwenye mvi ukimuona, ujue amekuja kutembelea mutoto wake. Karibu kila parseli iko na nyumba nusu: matofali mpaka dirishani, ao matole yaliyowekewa mawe juu yasiruke. Tuko na diplome, tuko na pikipiki za deni, tunatumika kwa makampuni madogo yanayotumikia mine, tunalipa nyumba kwa dola na garanti ya miezi mingi. Asubuhi ni foleni ya bidoni za manjano. Saa kumi na mbili za mangaribi, kila lupango inawasha mbabula, na kartiye yote inajaa moshi. Nzilo na Nseke, barrage za miaka ya 1950, ziko kwenye muto wetu Lualaba. Busanga nayo imeongezeka. Nyaya kubwa zinapita mbali kidogo na nyumba zetu, zinaenda kwenye mine. Sisi tunapika na makala.

Sasa filme. Kabwita ni kijana wa Walemba, kijiji kiko kilometa kama 50 na Kolwezi. Iko na bibi, Lydie, na watoto. Anataka kujenga nyumba yake mwenyewe, na nyumba inalomba matole. Basi anakata muti mukubwa na shoka, anapanga magogo, anafunika na udongo, anachoma, anaweka makala kwenye mifuko. Anafunga mifuko kwenye kinga mpaka kinga yenyewe haionekane, na anaisukuma kwa miguu mpaka muji. Njiani gari linamugonga, mizigo inaanguka. Kwenye kuingia muji kuna watu wanamulomba kitu mbele ya kumuachia apite. Anapita kwa shemeji yake, kwenye binti yake anaikala, anamuachia viatu. Anauzisha. Anauliza bei ya matole, na bei inamushinda. Mwisho tunamuona usiku ndani ya kanisa, anaomba kwa sauti. Ni ile tu.

Uzuri wa filme hii ni uvumilivu wake. Shoka inapiga, inapiga, na hakuna mutu wa kutuambia "Kongo ni inchi ya shida." Hakuna sauti ya kuelezea. Ukiwa umeshaona filme na mareporti juu ya Kolwezi, unajua namna kazi inaendaka: dakika mbili za shimo, mutoto muchafu, halafu mutaalamu mwenye koti anaongea juu ya kobalti ya batri. Hapa hakuna shimo hata moja. Kuna mutu anayejua kazi yake. Mimi mwenye lisansi ya agronomie niliangalia namna anafunika tanuru, namna anaziba pahali moshi unatokea juu hewa isiingie ikageuza muti majivu. Nilijiambia: huyu angenishinda kwenye mutihani.

Mwenzetu mumoja anayetumika hospitali alikasirika. "Huyu muzungu iko anafwata mutu na kamera, kinga inaanguka, yeye iko anapiga filme tu. Haiko na mikono?" Tulibishana sana. Ulizo lake ni la haki, lakini mimi siko upande wake. Gras angesukuma kinga, tungepata filme ingine, filme ya muzungu muzuri. Kwa kuacha kusukuma, ametuachia sisi uzito wote. Pahali ninamukosoa ni muziki. Gaspar Claus anapiga violonseli vizuri, lakini mara zingine muziki ule unatuamuru tulie, na haikuwa lazima. Sauti ya gurudumu kwenye muchanga na pumzi ya mutu ilitosha.

Shida yangu kubwa ni muji. Gras anajua pori, anajua barabara, lakini akifika Kolwezi anaona tu kelele, vumbi, wenye kulomba na wenye kupunguza bei. Wanunuzi wanaonekana kidogo, wanabishana, wanabeba mufuko wao, wanapotea. Kamera haiwafwate. Mutu aliye Cannes anatoka na huruma kwa Kabwita, lakini hajui ni nani anayekula makala yake, juu ya nini, na anaikala wapi. Mufuko unafika kwenye mulango wetu, na filme inarudi.

Pahali mama mumoja analalamika juu ya bei, chumba chote kilicheka. Kisha dada yangu alisema: "Ni wewe huyu." Nilinyamaza. Siku ya ine iliyopita nilikuwa nimesimamisha kijana mumoja wa kinga kwenye kona yetu. Alikuwa na jasho mpaka kwenye viatu. Nilimukatia franga 2.000 kwenye bei, na kisha akubali, nikamulomba anizidishie kidogo juu ya mufuko. Aliongeza kwa mikono miwili. Na mujue, kazi yangu ya mwisho kwenye universite ilikuwa juu ya visiki: namna miti ya miombo inaota tena kisha kukatwa.

Kabwita anahesabu matole. Mimi pia. Nilinunua kipande cha udongo, niko na matofali, daftari yangu imejaa hesabu ya matole. Yeye anatafuta dari yake kwa kuuzisha kitu ninachochoma; mimi natafuta yangu kwa kukata bei yake. Franga zile 2.000 zilibaki kwangu, lakini kwa kijana wa kinga zilikuwa kipande cha tole. Filme haisemi hivyo. Ilikuwa inapashwa kuvuka lupango yetu ili iseme.

Ingevuka, ingetuonyesha na hesabu ya pori. Kwa kilo 100 za muti mukavu, tanuru ya udongo mara nyingi inatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Ule muti Kabwita anaangusha, sehemu kubwa yake inapanda hewani mbele mufuko wa kwanza ufungwe. Lakini miombo si pori ya kufa haraka. Ukikata vizuri, ukaacha kisiki, ukachunga moto wa kila mwaka na jembe visikiguse, kinaota tena. Na karibu na Kinshasa, kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke, walipanda heka maelfu za akasia kwa ajili ya makala, na wakulima wanalima muhogo kwenye mashamba yale yale. Maarifa yako. Kati yetu wa agronomie, ni nani alishaenda kwa chifu kulomba heka moja ya kujaribu? Mimi bado. Niko nahesabu mifuko ya simenti kwenye depo ya kampuni.

Wengine walisema mwisho wa filme, ile maombi, ni kushindwa. Mimi naona Kabwita anaomba kwa sauti kubwa juu ndani ya filme nzima hakuna mutu mwingine wa kumusikia. Batri ilivumilia mpaka jina la mwisho. Tulitoka nje. Kwenye malupango sita ninayoona kutoka mulango wangu, mbabula sita zilikuwa zinawaka. Niliwasha ya saba, juu tulikuwa na njaa na bukari haikuwe bado.

Kijana wa kinga alirudi. Nilimulipa bei yake yote, dada yangu akanigombeza. Sitaki munipigie makofi: mwisho wa mwezi, mushahara haukuwa umefika, nilimupunguzia tena.

Mutafute filme hii. Muiangalie pamoja, si kila mutu kwenye simu yake. Na mukifika pahali mama anakata bei, musicheke haraka.