Mikono ya Oili, Kazi Safi

Mto Sebeya ukiuona kiangazi unaweza kuudharau. Unatoka milima ya Rutsiro, unapita Kanama na Nyundo, kisha unajimwaga Ziwa Kivu kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 uliwafundisha adabu waliouzoea. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia vibaya. Tangu hapo eskaveta si kitu kigeni kandokando ya mto huo. Zimezoa tope, zimepanua njia ya maji, zimepanga mawe kwenye kingo.

Watu husimama kuzitazama, na haki yao. Mkono ule mrefu unanyanyua jiwe ambalo wanaume kumi wasingelitikisa, unaliweka taratibu mahali pake, unarudi kuchukua jingine. Watoto hutazama ndoo. Vijana humtazama opereta aliyekaa juu akivuta vishikio kwa vidole viwili, na wengi hutamani kuwa yeye. Mimi hutazama ile mipira myeusi inayopanda kandokando ya mkono, inakunja kona kwenye kiwiko, inaingia kwenye silinda. Na nikiitazama humfikiria mtu ambaye hayupo pale, aliyeifunga, na ambaye asipoijua kazi yake chuma chote kile hakina tofauti na kibanda cha kukwepea mvua.

Eskaveta kubwa husukuma oili kwa mgandamizo wa bari 350 hivi. Tairi la gari dogo lina bari mbili na kidogo. Chukua silinda yenye kipenyo cha sentimita 12 tu: oili ile ikiisukuma pistoni yake, nguvu inayotoka ni kama tani 40. Tani hizo zote zimepitia ndani ya mpira unaoweza kuushika kwa kiganja kimoja.

Kuvuja ndiyo shida ya kwanza ya ufundi huu tangu ulipozaliwa. Mwingereza Joseph Bramah alipopata hataza ya shinikizo lake la maji mwaka 1795, hesabu za nguvu zilikuwa zimeshajulikana. Mfaransa Pascal alikuwa ameziweka wazi zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Kilichomsumbua Bramah ni maji kutoroka pembeni mwa pistoni. Henry Maudslay, aliyekuwa fundi katika karakana yake, ndiye anayetajwa kuwa alileta kizibo cha ngozi kinachozidi kubana kadiri mgandamizo unavyopanda. Mashine za kuchimba ziliendelea kwa miaka mingi kuvutwa kwa kamba za chuma na roda, mpaka kampuni ya Poclain ya Ufaransa ilipotoa eskaveta yake ya haidroliki mwaka 1951. Oili ikachukua nafasi ya kamba. Lakini kamba inajikunja yenyewe, oili inahitaji njia ya kujikunja. Bomba la chuma haliwezi kupinda na kunyooka pale kwenye kiwiko, siku nzima, mwaka mzima, lisikatike. Ikabidi upatikane mpira.

Kipande cha mpira wa inchi moja kilichokatwa vizuri kinastahili kutazamwa karibu. Ndani kabisa kuna bomba la mpira mweusi, laini, lililotengenezwa lisiliwe na oili. Juu yake umezungushwa waya wa chuma ambao unene wake haufiki milimita moja, nyuzi zimelala sambamba bila nafasi kati yake. Kisha utandu mwembamba wa mpira ili waya usisuguane na waya. Kisha safu nyingine ya waya, imezungushwa kuelekea upande wa pili. Mipira ya kazi nzito ina safu nne namna hiyo, mingine sita, kila moja ikipingana na mwenzake. Juu ya yote kuna ganda. Mpira uliotengenezwa kwa viwango hupasuka kwa mgandamizo usiopungua mara nne ya ule unaoruhusiwa kazini, na hayo yote yameandikwa ubavuni mwake kwa mstari mmoja mrefu: aina, kipenyo, mgandamizo, hata robo ya mwaka uliotengenezwa. Fundi mzuri husoma mstari huo kabla ya kuuliza bei. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na wauzaji wanaotegemea kwamba mteja hajui kusoma ubavu wa mpira wapo.

Gisenyi ina adui wake wa mipira. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 unaowaka juu ya Goma, ng'ambo ya mpaka, ulishusha uji wa moto hadi katikati ya mji ule Januari 2002, na ukaushusha tena tarehe 22 Mei 2021. Mara zote mbili watu walikimbilia upande huu wa mpaka, na mara ya pili matetemeko yalipasua nyumba na barabara za Gisenyi kwenyewe. Uji ule ukipoa huwa jiwe jeusi lenye vinyweleo na kingo kali, na eneo lote hili limejengwa kwa mawe ya volkeno. Ndiyo misingi ya nyumba, ndiyo kuta za bustani, ndiyo vifusi vinavyochimbwa kila mtu anapotaka kujenga. Eskaveta ikipitisha mkono karibu na jiwe hilo, mpira unakwaruzwa. Haupasuki siku hiyo. Ganda linachanika kidogo, mvua ya Aprili inaingia, waya unaanza kuota kutu taratibu, na siku moja, mashine ikifanya kazi nyepesi kabisa, mpira unafunguka na lita kadhaa za oili ya moto zinamwagika kabla opereta hajazima. Opereta ataapa kwamba hakugusa kitu, na atakuwa anasema kweli.

Hapo ndipo fundi anapopigiwa simu. Nimewahi kukaa kwenye banda la mmoja wao, kule Mahoko, simu kama hiyo ilipoingia. Swali lake la kwanza halikuwa mpira gani, wala mashine gani.

"Ndoo iko wapi, kijana wangu?"

Iko juu.

"Ishushe mpaka iguse ardhi. Kama haishuki, mtu asipite chini yake mpaka nifike. Hata kuokota simu yake asipite."

Ndipo akauliza mengine. Baadaye njiani alinieleza kwa nini. Mashine iliyozimwa si mashine iliyolala. Oili iliyofungiwa bado inabeba uzito wote ulioinuliwa. Ukilegeza fitingi chini ya uzito huo, unaufungulia mlango. Kwa hiyo ndoo hushushwa, injini huzimwa, vishikio vyote huchezeshwa huku na huku ili mgandamizo uliobaki uondoke, na kifuniko cha tangi hulegezwa mpaka pumzi iishe kutoka. Dakika chache tu za kazi, na ndizo wasimamizi wa saiti huziona ndefu kuliko zote. Sijui ni nani aliyewaambia kwamba fundi asiyeshika spana hafanyi kazi.

Hatari nyingine haionekani. Mpira ukitoboka tundu dogo kama la sindano, oili hutoka kwa kasi inayopenya glavu na ngozi. Aliyepigwa huhisi amechomwa tu, pengine hata damu haitoki, na anaweza kuendelea na kazi akisubiri chakula cha mchana. Ndani ya mkono oili inaendelea kuua nyama. Jeraha hilo ni la daktari wa upasuaji siku ileile, ndani ya saa chache, la sivyo kidole au mkono mzima unaweza kupotea. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu hatafuti uvujaji kwa kupapasa. Hupitisha kipande cha boksi kandokando ya mpira na kutazama wapi kinalowa. Ukimwona mtu anapapasa mpira wenye mgandamizo kwa kiganja, jua kwamba bado hajakutana na aliyekatwa.

Lakini sehemu ya ufundi huu ninayoiheshimu zaidi ni usafi, na hapa macho ya mpita njia hudanganyika kabisa. Anamwona mtu mwenye ovaroli lililogeuka rangi, kucha nyeusi, ndevu zina grisi, anasema hii ni kazi chafu. Ukweli ni kwamba pale mjini, ukiacha chumba cha upasuaji, ni kazi chache zinazodai usafi wa namna ile. Ndani ya pampu na vali za eskaveta, chuma na chuma vinapishana kwa nafasi ya sehemu chache za elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Chembe ya vumbi la volkeno, ambalo ni gumu na linakwaruza, ikiingia humo huanza kusaga, na chuma inachokisaga kinakuwa vumbi jipya la kusaga kingine. Pampu mpya inaweza kugharimu kuliko mipira yote ya mashine hiyo ikiwekwa pamoja. Mpira uliofungwa na mtu mchafu utashika vizuri, hautavuja, opereta ataondoka anashukuru, na wiki kadhaa baadaye pampu itaanza kulia bila mtu kumkumbuka fundi.

Yule wa Mahoko hakugusa nati kabla ya kusugua sehemu yote ya maungio kwa brashi na kuipangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Alipofungua, ncha zilizobaki wazi kwenye mashine alizifunga papo hapo kwa vizibo vya plastiki anavyovibeba mfukoni. Tuliporudi bandani pamoja na opereta, alikata mpira mpya, na kikataji kilipozunguka moshi wa mpira na unga wa chuma ukaingia ndani ya bomba, kama unavyoingia kila mara. Akachukua kidonge cha sponji kinene kidogo kuliko tundu, akakisukuma kwa upepo wa kompresa kikapita mpira wote. Kilitoka cheusi. Akamwonyesha opereta. Akapitisha cha pili kutoka upande mwingine, kikatoka na mistari ya kijivu. Cha tatu kilitoka cheupe, naye akakipitisha cha nne hata hivyo.

"Cha tatu si kilikuwa safi, fundi?" opereta aliuliza.

"Cha tatu ni chako, mzee. Hiki ni changu."

Kubana fitingi ni hesabu ya aina nyingine. Mashine ya kubana ina meno yanayolikumbatia koti la chuma kutoka pande zote na kulifinya juu ya mpira, na kipimo chake huhesabiwa kwa sehemu ya kumi ya milimita. Ukibana kidogo, fitingi itachomoka kama risasi. Ukizidisha, umekata waya wa ndani kwa mkono wako mwenyewe. Fundi hupima kwa kalipa, na asiyekuwa na kalipa apelekewe mikokoteni. Kisha kuna suala la ncha. Katika saiti moja ya Rubavu unaweza kukuta mashine ya Kijapani, ya Kikorea, ya Kichina na ya Kimarekani, na kila taifa lilikuja na nati zake. Kuna koni ya digrii 37 na kuna ya digrii 30. Kwa jicho ni ndugu, nati inaweza hata kuanza kuingia, lakini zikikutanishwa zitavuja mpaka mwisho wa dunia. Wenye haraka huongeza nguvu kwenye spana. Mwenye ufundi huanza kwa vidole, na vidole vikikataa hurudi kwenye sanduku lake la fitingi kuukuu kutafuta inayokubali. Kilomita 150 na ushee za kona hadi Kigali humfanya mtu athamini sanduku lake.

Urefu nao una siri yake. Mpira ukijaa mgandamizo hubadilika, na unaweza kufupika hadi sentimita nne kwa kila mita. Uliokatwa sawasawa na nafasi iliyopo, ukapendeza macho, utakuwa unavuta fitingi zake kila mashine inaponyanyua. Kwa hiyo huachiwa ulegevu, usiozidi ukaanza kusugua chuma. Na yale maandishi ya ubavuni yana kazi ya pili: mpira ukishafungwa, mstari wake unapaswa kwenda moja kwa moja. Ukiona umezunguka, mpira umesokoteka, na mpira uliosokoteka hauishi muda mrefu. Fundi analegeza, anaurudisha, anashika nati moja kwa spana ya kuzuia huku akikaza nyingine. Oringi huwekwa mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima; bei yake si kitu.

Tuliporudi kwenye mashine na mpira ukafungwa, oili ikaongezwa na mkono ukachezeshwa polepole mpaka hewa ikatoka, opereta alikuwa tayari ameshika mlango wa kabini. Fundi alikuwa hajamaliza. Alikuwa amechuchumaa na mpira wa zamani, anaupasua kwa kisu kwa urefu. Waya ulikuwa umekatika upande mmoja tu, ganda lake limelika na kung'aa kwa sentimita kama kumi, na ndani bomba lilikuwa limetoboka hapo tu, kwingine zima kabisa. Akapanda kwenye mkono wa eskaveta, akapapasa pale mpira ulipokuwa umelala, akakuta tundu mbili za bolti zisizo na kitu.

"Hapa palikuwa na kibano," alimwambia. "Nani alikitoa?"

Opereta hakujua, mashine ilikuja hivyo. Fundi aliingia kwenye sanduku, akatoa kibano na bolti mbili, akamwambia azime tena.