Kiraka na Kipande: Mifarishi ya Gee's Bend Mbele ya Wahakiki

Mwaka 2002 mifarishi iliyoshonwa na wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Waamerika weusi mahali mto Alabama unapopinda, ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka uo huo katika jumba la Whitney mjini New York. Wahakiki waliisifu mno, walakini aghalabu sifa yao ilikuwa kwamba yafanana na picha za wachoraji kama Matisse na Klee. Sifa ya namna hii ni ya kuazima: humvika mshonaji heshima ya mtu mwingine, na kazi yake ikabaki bila kuelezwa.

Atakaye kuieleza kwa Kiswahili hukabiliwa na kosa jingine. Neno la kwanza limjialo ni "kiraka". Lakini kiraka huziba tundu. Huja baada ya nguo, na mwenye kukivaa hudhaniwa kuwa ni mwenye dhiki. Katika mifarishi hii hakuna nguo iliyotoboka chini yake. Vipande ndivyo nguo yenyewe: huungwa kimoja kwa kingine mpaka uso ukamilike, ndipo ukatiwa pamba na bitana, na tabaka zote tatu zikadariziwa pamoja. Kusema "mfarishi wa viraka", basi, ni kutoa hukumu kabla ya kutazama. Neno "vipande" latosha.

Yafaa kuutazama mfarishi wa Missouri Pettway wa mwaka 1942. Alipofiwa na mumewe alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazishona pamoja ili amkumbuke na ajifunike. Binti yake Arlonzia ndiye aliyeisimulia habari hiyo. Kupauka kwa nguo hizo ni kazi ya jua, jasho na kufuliwa. Katika baadhi ya mifarishi ya namna hii, palipobanduliwa mfuko pangali na rangi ya awali. Mshonaji aliweza kulificha doa hilo, naye akaliacha lionekane. Mhakiki angeanzia hapo.

Tena washonaji wana istilahi zao, ambazo wahakiki wengi walizipita upesi. "Paa la Nyumba" ni mtindo uanzao kwa kipande kimoja cha katikati, kinachozungushiwa kanda mpaka ukingoni. Mfarishi usiofuata mtindo wowote husemwa kuwa umeshonwa kwa "njia yangu". Kwa maneno hayo mawili mtu aweza kuuliza ni wapi mshonaji aliifuata kanuni, na wapi aliiacha. Ushirika wao, ulioanzishwa mwaka 1966, ulipata mwaka 1972 kazi ya kushona foronya za kodrai kwa kampuni ya Sears, na mabaki yakapelekwa majumbani. Kodrai ni nene, haikubali vipande vidogo. Katika mifarishi iliyotokana nayo, kanda za Paa la Nyumba ni pana, tena ni chache.