Fimbo Moja Ukingoni

Mvuvi wa boti ana anasa ambayo sisi wa ukingoni hatuna: akihitaji fimbo nyingine, anainama tu na kuiokota. Kwenye boti za mashindano ya Marekani utaziona zimelazwa sambamba, kila moja imeshafungwa chambo chake, kama vile mwenyewe anakwenda kuziuza. Sisi tunatembea. Mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine unasukuma matawi, begi liko mgongoni. Mshika mbili moja humponyoka, na ukingoni ile inayoponyoka huishia majini. Kwa hiyo tunatafuta fimbo moja ambayo huenda isiwe bingwa wa kazi yoyote, lakini haitatuaibisha katika nyingi. Kuipata ni ufundi, na kwangu mimi ni nusu ya utamu wa uvuvi.

Samaki mwenyewe ni besi mdomo-mpana, mzaliwa wa Amerika Kaskazini. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, aliletwa mwaka 1929, akalowea. Mwaka 1970 wakaletwa wale kamba wekundu wa maji baridi, nao ni wa Marekani, naye akawageuza kitoweo. Ugenini tabia yake ni ileile ya nyumbani: hujibanza penye kivuli, kando ya kisiki, chini ya magugu, pembezoni mwa mafunjo, akivizia kinachopita. Ndiyo maana mtu aliyesimama nchi kavu hana sababu ya kumwonea wivu mwenye boti. Mwenye boti hutoka ukingoni asubuhi, kisha mchana kutwa anarusha chambo kuelekea ukingoni.

Fimbo ninayoizungumzia, ile ya kurushia, ilizaliwa kwa sababu ya rili. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Paris huko Kentucky, fundi saa aitwaye George Snyder aliunda rili yenye meno ya gia: ukizungusha mpini mara moja, kigurudumu cha mshipi kinazunguka mara kadhaa. Rili hiyo hukaa juu ya fimbo, na dole gumba ndilo breki yake. Ukichelewa kuibana kwa dole, mshipi hufumuka na kujisokota, na utakaa juu ya jiwe ukifumbua mafundo huku jirani yako anavua. Daktari James Henshall, aliyechapisha kitabu chake maarufu juu ya besi mwaka 1881, aliwahimiza wenzake waachane na magongo marefu. Fimbo aliyoipendekeza ilikuwa na urefu wa futi 8 na inchi 3, na wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa fupi. Baadaye mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa ukapisha chuma, chuma kikapisha nyuzi za kioo, na kuanzia miaka ya 1970 nyuzi za kaboni zikashika usukani.

Wanaodhani fimbo nyingi ndizo zinazovua samaki wakumbuke George Perry. Tarehe 2 Juni 1932 huko Georgia alimtoa besi wa pauni 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo, na rekodi hiyo imefikiwa mara moja tu, Japani, mwaka 2009. Husimuliwa kwamba siku hiyo yeye na mwenzake walikuwa na fimbo moja, wakipokezana.

Sasa tuingie dukani. Shika fimbo, igeuze kwenye mwanga, usome maandishi madogo yaliyo juu kidogo ya mpini. Pale pameandikwa urefu, ukakamavu, mpindo, nguvu ya mshipi unaofaa na uzito wa chambo. Wengi husoma urefu na bei, wakaondoka. Ukakamavu hukwambia fimbo inahimili mzigo gani kabla ya kulegea. Mpindo hukwambia inapinda wapi: karibu na ncha, katikati, au mpaka karibu na mpini. Vitu hivi viwili huchanganywa hata na wauzaji. Fimbo inaweza kuwa kakamavu na bado ikapinda polepole mwili mzima. Nyingine ni laini, lakini inapinda nchani tu.

Kwa ukingoni, mimi husimama kwenye futi 7, ukakamavu wa juu kidogo ya wastani, mpindo wa karibu na ncha, chambo cha gramu 7 hadi 28, mshipi wa pauni 12 hadi 20. Urefu huo una sababu. Fimbo ya futi 6 hurusha vizuri chini ya matawi, lakini mbele yako kuna ukanda wa majani, na mshipi usipoinuliwa juu yake utalala humo. Ya futi 8 huinua mshipi vizuri sana, ila nyuma yako kuna mgunga, na miiba ya mgunga haijui kusamehe. Futi 7 inapita katikati ya balaa hizo mbili.

Ukakamavu nao unadaiwa na samaki. Besi akishanasa hukimbilia alikotoka, ndani ya magugu. Mwenye boti atamfuata huko; wewe miguu yako inaishia kwenye tope. Una sekunde chache za kukigeuza kichwa chake, na fimbo legevu haitakigeuza. Tena kuna ule mnyoo wa plastiki ambao Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kuuunda mwishoni mwa miaka ya 1940. Ncha ya ndoana ikifichwa ndani yake, chambo hupita kwenye majani bila kunasa, jambo ambalo kwa mvuvi wa ukingoni ni neema tupu. Lakini ndoana iliyofichwa lazima itoboe plastiki kwanza ndipo ifike kwenye taya, na kazi hiyo inataka uti wa mgongo.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Chambo cha mbao au plastiki ngumu, chenye ndoana za meno matatu, kinataka kinyume chake. Ndoana hizo ni ndogo na hushika juujuu. Fimbo kakamavu huzing'oa mdomoni. Wataalamu watakuuzia fimbo ya pili, laini. Mtu wa fimbo moja hurekebisha kwingine. Anafunga nailoni ya kawaida, ambayo hunyumbuka, badala ya mshipi wa kusukwa usionyumbuka. Analegeza breki ya rili kidogo. Samaki akigonga, havuti kwa kishindo. Anageuza kiuno taratibu na kuacha uzito ujae. Upungufu wa fimbo unafidiwa na mkono, na mkono uliozoea fimbo moja hulifanya hilo bila kuulizwa.

Kuna kazi za kuzikataa waziwazi. Vyambo vya chini ya gramu 7 havina uzito wa kuzungusha rili ya aina hii. Waachie wenye rili za kigurudumu kisichozunguka. Vile vikubwa vya gramu 60 vitaivunja fimbo yako moyo, kisha ncha.

Wavuvi wa mshipi kule Lamu na Pemba hawatumii fimbo kabisa. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho hutambua jiwe, majani na mdomo wa samaki. Fimbo nzuri ni ile isiyokipunguzia kidole habari hizo. Mwombe muuzaji aguse ncha taratibu huku umefumba macho. Ukiusikia mguso kwenye kiganja, endelea kuongea bei. Kisha pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi. Nyuzi zikinasa, pete ina ufa usioonekana, na ufa huo utakula mshipi wako mpaka ukatike siku ya samaki mkubwa. Mwisho funga rili na uilaze fimbo kwenye kidole, mbele kidogo ya rili. Ikielemea sana nchani, kifundo cha mkono kitalalamika kabla ya saa nne asubuhi.

Sishauri kununua ile nyepesi kuliko zote dukani. Kaboni ya bei mbaya ni kali kwa hisia, lakini haipendi kuangushwa juu ya mawe, na ukingoni fimbo huangushwa, hasa pale kiboko anapoibuka karibu na unakumbuka kwamba una miguu. Ile iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni nzito kidogo, ila inavumilia.

Vitabu vya Marekani husisitiza fimbo ya kipande kimoja, eti kiungo huua hisia. Waandishi wake hawajawahi kupanda matatu ya Nairobi kwenda Naivasha na mti wa futi 7. Nunua ya vipande viwili. Viungo vya siku hizi vimetengenezwa vizuri, na kasoro iliyobaki hutaihisi. Kisugue kiungo kwa nta ya mshumaa mara mojamoja ili kisilegee unaporusha, na unapokichomoa uvute moja kwa moja, bila kukipinda.