Ufundi wa Kuisoma Hewa, Kutoka Sumbawanga Hadi Kipili

Injini ya petroli hufanya kazi vizuri pale hewa na mafuta vinapokutana kwa uwiano unaokaribia kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na uwiano huo unapovunjika kwa hewa kuzidi au mafuta kupungua, mchanganyiko huwa mwepesi. Gari lenye mchanganyiko wa namna hiyo husitasita linapokanyagwa mafuta, hukohoa kwa kurudisha mlipuko kwenye njia ya hewa, na likibeba mzigo mzito hupata joto la kuweza kudhuru pistoni na vali zake. Dalili hizo hata dereva mgeni huziona. Kinachostahili sifa ni ufundi wa kubaini, kabla ya kununua kifaa chochote, kama ni hewa iliyozidi au ni mafuta yaliyopungua.

Katika mkoa wa Rukwa ufundi huo huanza na ardhi yenyewe. Sumbawanga iko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kipili, katika wilaya ya Nkasi, iko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 770 tu. Anayeshuka safari hiyo hukuta ziwani hewa iliyo nzito zaidi kwa takriban sehemu moja ya kumi, hata baada ya joto la huko kuhesabiwa. Kabureta, kifaa cha magari ya zamani na pikipiki nyingi kinachochanganya petroli na hewa kwa mvuto tu bila msaada wa kompyuta, huongeza mafuta hewa inapokuwa nzito, lakini huongeza takriban nusu ya kinachohitajika, kwa kuwa mafuta yapitayo kwenye tundu la jeti hayazidi kwa kiwango kilekile cha mvuto unaoyavuta. Ndiyo maana chombo kilichorekebishwa Sumbawanga, hasa kwa matakwa ya mwenyewe anayebana matumizi, huweza kufika Kipili kikiwa kimepungukiwa mafuta ingawa hakuna kilichoharibika njiani. Fundi mwelewa huuliza kwanza chombo kilirekebishiwa wapi. Asiyeelewa hushika spana.

Wafipa walikwisha kuishughulikia hewa kwa uangalifu huohuo muda mrefu kabla ya gari la kwanza kufika kwao. Matanuri yao marefu ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, ambayo mabaki yake huko Nkasi yamechunguzwa na mwanaakiolojia Bertram Mapunda, yalijivutia hewa yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, pasipo mivukuto. Hewa ikiwa haba, moto haupati joto la kutosha kuyeyusha taka za mawe. Ikizidi, chuma kilichokwisha kupatikana huungana tena na oksijeni na kazi hupotea.

Gari la kisasa lenye nozeli, yaani vifaa vinavyopuliza mafuta kwa amri ya kompyuta, hujirekebisha lenyewe kati ya uwanda na ziwa, na urahisi huo ndio unaoficha ugonjwa. Kompyuta husikiliza sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, kisha huongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia fulani, na inaposhindwa kuendelea kuongeza huwasha taa ya injini na kuhifadhi msimbo kama P0171. Wengi hukimbilia kubadili sensa hiyo, kosa la gharama ambalo mara nyingi halitibu chochote, kwani sensa haipimi petroli bali hupima oksijeni iliyobaki: bomba la moshi lililopasuka kabla yake, au plagi isiyowasha silinda moja, huweza kuifanya itoe habari za hewa nyingi wakati mafuta yanatosha.

Fundi stadi huangalia asilimia hizo za masahihisho ya mafuta katika hali mbili. Injini ikizunguka bila kukanyagwa na masahihisho yakawa makubwa, tuseme 25, kisha yakashuka karibu na sifuri mizunguko inapofika 2,500 kwa dakika, hapo kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa ufa mdogo huwa na uzito injini inapovuta hewa kidogo na humezwa inapovuta nyingi. Mpira wa hewa uliopasuka kwa mitikisiko ya barabara ya vumbi, au gasketi ya manifoldi iliyokauka, ndivyo vya kushukiwa kwanza, na moshi unaopulizwa kwenye njia ya hewa huonyesha ufa ulipo. Mambo yakiwa kinyume, yaani injini ikatulia bila kukanyagwa lakini masahihisho yakapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, pampu imechoka au filta imeziba, na geji ya presha ndiyo inayothibitisha. Mpando wa kutoka ziwani kurudi uwandani hutoa kipimo hicho cha mzigo bure. Yapo pia magari yanayokadiria hewa kwa kupima presha ndani ya manifoldi, ambayo ufa hupandisha mizunguko ya injini zaidi ya kuharibu uwiano. Fundi asiyelitofautisha hilo atatafuta namba ambayo haitatokea.

Baada ya matengenezo msimbo hufutwa, gari huendeshwa likiwa na mzigo, na namba husomwa tena. Ziwani hukumu ni kali zaidi: injini ya boti ya viharusi viwili, ambayo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, ikikosa mafuta hukosa pia kilainishi, hivyo pistoni huweza kukwama maji yakiwa yameizunguka pande zote, na ndiyo sababu jeti ya kabureta yake haistahili kupunguzwa kwa ajili ya kubana lita chache.